Mwenye Kumjua Asimame

Kampeni ilimkuta Aryemo akisaga ufuta wa kuuza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia, nje ya chumba chake katika Zoni ya Kamugga, upande ule wa Luzira unaoteremka kwenda Port Bell, mikono imemjaa mafuta mpaka viwikoni. Bonny Okwera akaja na msichana aliyevaa fulana ya zambarau, akamwambia kwamba chama kinamhitaji.

"Chama gani?"

"Mshikamano, mama. Sisi wenye alama ya ngazi. Mimi nasimama kiti ya zoni."

"Sasa mimi natafutwa ya nini? Luganda yangu hata watoto nacheka."

"Hapana Luganda, mama. Mdomo," Bonny alisema. "Ile mdomo yako ndiyo tunatafuta."

Hapo hakukosea. Mdomo Aryemo alikuwa nao. Alikuja Kampala akiwa bibi harusi wa askari jela, Mwacholi mwenzake wa kaskazini aliyeitwa Obwona, akakaa naye katika nyumba za kambi ya magereza, na kambini mwanamke asiye na sauti hata maji ya bomba hapati. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, Kiswahili cha kambi, kisichojali ngeli wala adabu za vitabu, lakini kinachofika kinapotumwa. Obwona alipofariki, nyumba ya serikali ikadaiwa, mjane akavuka barabara na vyombo vyake na binti yake Anena, akapanga chumba Kamugga. Ni miaka mingi sasa. Ukitaka kujua ni mingi kiasi gani, mtazame huyo Anena, ambaye leo ameolewa Nateete na ana watoto wanaokwenda shule.

Na Bonny je? Bonny alikuwa mtoto wa jirani wa kambini. Mama yake alikuwa akienda kazini alfajiri na kumwacha kwa Aryemo, akiogeshwa katika beseni moja na Anena. Amekua, anafunga dishi za televisheni mjini, na Kiganda anachokizungumza ni kitamu kuliko cha baadhi ya Waganda. Kiacholi alikiacha kambini pamoja na kaptura zake.

Sasa msomaji asidhani kwamba Aryemo alikubali kwa sababu ya fulana ya zambarau. Alikuwa na donda. Mwaka mmoja nyuma, mvua ilipofurisha mtaro unaopita katikati ya zoni na vyumba vya chini vikajaa uchafu, mwenyekiti aliitisha kikao. Mwenyekiti ni Hajati Ayesha, mama mnene, mpole wa sura, aliyekikalia kiti hicho tangu zamani. Aryemo akasimama aseme habari za mtaro. Hakumaliza hata sentensi ya pili. Hajati alimwambia, bila hasira yoyote, "Nyinyi watu wa kambi mnapita tu, nnyabo. Tuachieni wenye mji tuzungumze." Watu wakacheka, naye akakaa.

Aliumia, na hakupona. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho si pesa wala nguo: alitaka zoni ile, mbele ya watu, ikiri kwamba yeye ni wa pale. Kama njia ya kufika huko ilikuwa ni kumwondoa Hajati na kumweka mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake, basi angemwondoa Hajati hata kwa meno.

"Nakuja," alimwambia Bonny. "Ngoja nanawa mikono."

Yule msichana wa zambarau, jina lake Valarie, alitoka ofisi ya chama mjini, naye ndiye aliyewafundisha kazi. Kazi yenyewe inaitwa kakuyege, jina la mchwa. Mchwa hapigi tarumbeta, Valarie alieleza. Anaingia nyumba moja baada ya nyingine, anakula polepole, na siku nyumba inapoanguka mwenyewe anashangaa. "Hakuna jukwaa, hakuna spika. Mlango kwa mlango, mtu kwa mtu." Kisha Bonny akamvuta Aryemo pembeni, akamwomba mambo mawili: kwamba kwenye milango ajitahidi kusema Kiganda, na kwamba hadharani asimwite mwanangu. Amwite mheshimiwa.

"Hata chama haijakupa kiti, iko tayari mheshimiwa?" Aryemo aliuliza.

"Ni mambo ya siasa, mama."

Hakuelewa, lakini alikubali. Siasa ni kama ugonjwa wa mtu mwingine, unaambiwa tu unauma wapi.

Milango ya kwanza ilimchanganya kichwa. Kwa wenyeji alipokelewa kama malkia. Akina mama walipiga magoti kumsalimu, wakamtandikia mkeka, wakamsikiliza Kiganda chake kilichopinda bila kutabasamu hata kidogo, na alipomaliza wakasema, "Kale nnyabo, haya mama, tumesikia." Akatoka akiwaambia wenzake kwamba nyumba hiyo ni yetu. Nyumba ya pili, tumesikia. Ya tatu, tumesikia, na chai juu yake. Katika nyumba ya nne mama mwenye nyumba alimsindikiza kwa maneno matamu kiasi kwamba Aryemo aliona haya kuondoka, na mlango ulipofungwa nyuma yake akaona picha ya Hajati Ayesha imebandikwa juu yake, mpya, gundi haijakauka.

Alisimama pale akiitazama. Kwao, mtu asiyekutaka hukuambia, na ukikawia anakuonyesha njia. Hapa mtu anakukatalia kwa kukupa chai. Sasa atajuaje ndiyo na hapana?

Akiwa katika mashaka hayo ndipo alipoingia kwenye kiwanja cha wapangaji Wakenya, kule chini kabisa karibu na mtaro. Vyumba vimepangana pande mbili, kamba za nguo katikati. Wanaume wengi wa pale ni Wajaluo wanaofanya kazi katika kiwanda cha vyuma na kule bandarini. Mlangoni pa chumba cha kwanza mwanamke alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani, naye alipoinua kichwa na kumwona mgeni ana jasho, akamwita binti yake alete maji. Hakumwita kwa Kiswahili. Alimwita kwa Kijaluo, na Aryemo akaelewa.

Maji, nyumba, moto: maneno ni yaleyale. Aryemo alijibu kwa Kiacholi. Yule mwanamke akaacha cherehani.

"Ati umesema nini? Sema tena!"

Akasema tena. Wakacheka wote wawili, wakaanza kuulizana hili mnaliitaje, na lile mnaliitaje, mpaka wanaume waliolala mchana baada ya zamu ya usiku wakatoka kuona kuna nini. Mwanamke huyo alikuwa Awiti, mke wa Cleopas Ondiek, fundi wa kiwandani. Kabla jua halijageuka alikuwa tayari anamwita Min Anena, kwani kwa Waacholi na Wajaluo pia mama wa mtu ni min, na Aryemo, ambaye tangu Obwona afe hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo katika mtaa mzima, alijikuta ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kana kwamba yuko kwao.

Hapo mdomo wake ukafunguka. Kiganda kilikuwa kimeuziba, Kiacholi kikauzibua. Akamsema Hajati Ayesha mpaka watu wakashika mbavu. Alisema Hajati amekalia kiti mpaka kiti chenyewe kinaomba likizo. Alisema mtaro ule ungekuwa unapita sebuleni kwake ungekuwa umejengewa vigae. Alimwigiza anavyotembea, mkono kiunoni, akiruka dimbwi huku akijifanya halioni. Cleopas alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu mama apelekwe kwa wote wamsikie," alisema.

Wakampitisha chumba kwa chumba, kisha kiwanja cha pili, na cha tatu. Kila jioni Aryemo alioga, akavaa fulana yake ya zambarau, akateremka kwa Wakenya wake. Kule kwa wenyeji hakwenda tena. Ya nini kwenda kunywa chai ya hapana?

Ni Awiti aliyewahi kusema, siku moja, akikata uzi kwa meno: "Lakini dada, si unajua sisi kura yetu iko nyumbani? Hapa sisi ni watu wa kupita na kazi tu."

"Hiyo ni kura ya rais," Aryemo alimjibu. "Hii ni ya mtaro. Maji ikikuja usiku inauliza kwanza wewe ni wa wapi?"

Awiti alifikiri. Maji yalikuwa yamemharibia vitambaa vya wateja mwaka jana, na hayakumwuliza chochote. "Haiulizi," alisema.

"Basi."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la mtu wa kambi. Kambini, paredi ikiitwa, kila mwenye kulala pale anatoka na kusimama mstari. Hakuna anayeuliza ulizaliwa wapi. Unalala hapa, unasimama hapa. Aryemo aliishi miaka yote kwa hesabu hiyo na haikumpitia akilini kwamba nje ya ukuta wa kambi watu wanahesabiana kwa namna nyingine. Lakini tusimwangushie yeye peke yake mzigo. Bonny alipouliza, "Mama, watu wako?" naye akajibu, "Iko mingi, mpaka kule mtaroni, wote banasema ndiyo," mheshimiwa alirusha ngumi hewani akaondoka anapiga mluzi. Hakuuliza ni akina nani. Mwenye njaa ya kura haulizi zimepikwa wapi.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa zoni hauna sanduku. Watu wanajipanga mstari mchana kweupe, kila mmoja nyuma ya mtu wake, na jirani anamwona jirani amesimama wapi. Siku yenyewe ilipofika, maduka yalifungwa, watu wakajaa kwenye uwanja mdogo kando ya reli. Msimamizi aliyeletwa kutoka ofisi za juu alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka. Kwa kuwa Kamugga ina kila kabila alitumia Kiswahili. Aliwaketisha wagombea wawili, Hajati na Bonny, kwenye viti mbele ya wote, wametenganishwa na meza tu. Picha zao zingeshikwa na mawakala, na wapiga kura wangejipanga nyuma ya picha.

Picha ya Hajati ilishikwa na kijana anayeitwa Nasif, mwuza kuku. Ya Bonny ilishikwa na Aryemo. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasimama wima kama alivyokuwa akimwona Obwona akisimama. Alisikia nyayo nyuma yake, nyingi, zinakuja na kuja. Alipogeuka kidogo, mstari wake ulikuwa umepita nguzo ya umeme, unakata kona. Awiti alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Cleopas amefunga tai! Wanaume wa kiwandani walikuwa wameomba ruhusa kazini waje kusimama nyuma ya Min Anena. Aryemo alimtazama Bonny kwenye kiti, Bonny akamwinulia kidole gumba. Moyo wake ulijaa. Katika maisha yake yote mjini Kampala hapakuwa na saa aliyofurahi kuliko hiyo, na ninasema saa kwa heshima tu, kwani haikufika hata robo yake.

"Ssebo!" Nasif alipaza sauti, kumwita bwana yule kwa Kiganda, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake kisichojua r. "Ssebo msimamizi! Ile bantu kule si laia! Ni ba Kenya, nawajua, nawauzia kuku!"

Uwanja ukachafuka. Msimamizi akaenda mpaka katikati ya mstari wa Bonny, akauliza huyu, akauliza yule, na Wajaluo, watu wa kweli kupita kiasi, wakajibu kwamba ndiyo, wanatoka Kisumu, wanatoka Siaya, wamekuja kwa ajili ya mama na mtaro. Msimamizi akafuta jasho.

"Wakala," alimwambia Aryemo, "hawa umewaleta wewe. Watoe mwenyewe. Wakibaki, nafuta mstari mzima."

Aryemo hakuelewa. Yaani aliyasikia maneno yote, lakini hayakumwingia. "Lakini banakaa hapa," alisema. "Huyu iko nyumba ya tatu kutoka mtaro. Uliza yeye maji inafika wapi."

"Ni wageni, mama. Kura ni ya mwananchi."

Akamtazama Bonny. Bonny, usoni amekunja ndita, akafanya ishara kwa kichwa: watoe.

Basi akaenda, picha kifuani, akasimama mbele ya Awiti na gauni lake la kanisani. Alitafuta neno. Kwa lugha zao mbili hizo, ambazo siku zote hizo hazikumkosesha neno hata moja, hakulipata. Mwishowe akalitoa kwa Kiswahili.

"Awiti, toka. Banasema wewe mgeni."

"Wanasema," Awiti alirudia. "Na wewe unasemaje, dada?"

Aryemo aliona uwanja mzima unamwangalia. Aliona mstari, kiti, mtoto wake anayengoja. "Ni mgeni," alisema. "Ni kweli, si ndiyo? Toka, tafadhali."

Awiti alitoka bila kelele. Akamshika Cleopas mkono, na wengine wote wakafuata, wakaenda kukaa kwenye ukuta mfupi wa reli. Uliobaki nyuma ya picha ya Bonny haukuwa mstari wa kujivunia: marafiki zake wachache, mafundi wenzake, vijana wa mpira.

Nasif hakuwa mjinga. Aliona mti umeinama, akatafuta shoka. "Na yeye mwenyewe?" alisema akimwonyesha Aryemo. "Anazungumza nao lugha moja. Kadi yake nimeiona, imeandikwa huko kaskazini. Akapige kula huko kwao! Hapa si mkazi, ni mtu wa kambi."

Msimamizi alishusha pumzi. Alikuwa na zoni nyingine inayomngoja. Lakini kuna desturi kwa jambo hilo, na akaifuata. Alimtoa Aryemo mbele ya mstari, akamsimamisha peke yake katikati ya uwanja, akawauliza watu:

"Huyu mama anadai ni mkazi wa Kamugga. Mkazi yeyote mwenye kumjua asimame aseme."

Kimya.

Hakuna lililomtisha Aryemo maishani kama kimya kile, hata siku ya mazishi ya Obwona. Aliwatazama wale akina mama wa chai. Waliinamisha macho kwa adabu ileile. Aliwatazama mafundi wa Bonny, nao wakamtazama Bonny, wakingoja mkubwa wao aanze. Naye akamtazama Bonny. Mtoto yule alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, kwenye kiti cha plastiki. Sema basi, Aryemo aliomba moyoni. Sema jina tu. Bonny alikuwa akitazama kiatu chake, na kwa namna alivyokitazama ungedhani ndiyo kwanza anakiona.

"Mimi namjua!" Sauti ilitoka ukutani. Ni Awiti, amesimama. "Ni Min Anena. Ni wa hapa kuliko nyinyi nyote. Mgeni ni mimi, si yeye!"

Watu wakageuka. Msimamizi akatikisa kichwa kwa huruma. "Wewe si mkazi wa kuhesabika, mama. Huwezi kumshuhudia mtu."

Awiti akakaa. Msimamizi akaitazama saa yake.

Ndipo kiti kingine kikalia. Hajati Ayesha alikuwa akiinuka, na kwa mwili wake kuinuka si jambo la mara moja. Aliweka mkono mezani, akasimama, akajitengeneza hijabu.

"Mimi namjua," alisema.

Nasif alitaka kusema neno, akamnyamazisha kwa kiganja.

"Huyo ni Aryemo, mjane wa Obwona. Chumba chake ni cha mwisho pale kwenye vyumba vya kupanga vya Lamwaka, na ufuta wake ndio tunaokula mimi na wajukuu zangu, ingawa hajui, maana namtuma mtu. Miezi hii yote amenitukana mlango kwa mlango. Amesema kiti changu kinaomba likizo. Ameniigiza ninavyotembea." Uwanja ukaanza kucheka, naye akangoja wamalize. "Ssebo, mgeni hawezi kukutukana hivyo. Mgeni hajui pa kukuumizia. Huyu ni wetu. Andika."

"Basi arudi mstarini," alisema msimamizi, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Neno lenyewe ndilo hilo. Huyu ni wetu. Aryemo alikuwa amelingoja muda wote huo, na sasa limekuja kutoka katika mdomo aliouapia kuunyamazisha. Alisimama palepale katikati ya uwanja hajui afurahi au alie. Alijiona kama mtu aliyebisha mlango mmoja akafunguliwa wa jirani.

"Mama," Bonny alimwita. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Njoo mbele, wanaanza kuhesabu."

Akamwendea. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, mama."

"Ndiyo nauliza."

Bonny akainama, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze alimsemesha Kiacholi, kwa kunong'ona, asisikike. Alisema kwamba kama angefungua mdomo wangesema analeta watu wa kabila lake. Wangemmaliza. Alisema mama aelewe. Na ubaya ni kwamba Aryemo alielewa. Alimwelewa mtoto wake neno kwa neno, kwani yeye mwenyewe alikuwa ametoka kufanya hivyohivyo, mbele ya watu haohao, kwa mwanamke aliyevaa gauni la kanisani.

Alikwenda ukutani. "Awiti," alisema, "nisimame wapi?"

"Mimi mgeni, dada," Awiti alijibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Usiniulize mambo ya wenyewe."

Sasa miguu ikamchukua. Haikumuuliza. Ilimpitisha mbele ya mstari wa Bonny, ikampeleka mpaka kwenye mkia wa mstari wa Hajati Ayesha, nyuma ya mzee mmoja mwenye fimbo, na huko ikasimama. Picha ya Bonny alikuwa bado ameikumbatia kifuani, uso nje, inatabasamu. Watu wakapiga kelele. Wengine walicheka, wengine walisema huu ni ujanja wa chama cha ngazi, Nasif akalia kwamba wanachafuliwa mstari. Msimamizi, aliyekuwa akihesabu mabega kwa kalamu, alifika mwisho akakwama.

"Mama, umesimama huku na picha ni ya kule. Uko upande gani?"

"Sijui," Aryemo alisema. Hakusema jambo la kweli kuliko hilo siku ile nzima.

Hajati alikuwa amekwisha kuondoka mezani. Alikuja polepole, mkono kiunoni, mwendo uleule aliokuwa akiigizwa, akasimama mbele yake. Hawakuwahi kukaribiana hivyo.

"Rudi kwa mtoto wako, Aryemo," alisema. "Sikusema vile nipate kura yako. Nimesema kwa sababu ni kweli."

Aryemo alimtazama. Mtaro ulikuwa bado unanuka, hata pale uwanjani ulisikika, na mwenye kosa la mtaro alikuwa huyu huyu. Kiti bado kilihitaji likizo. Hakuna hata tusi moja kati ya yale aliyoyatoa ambalo angelirudisha. Akiwa bado analifikiria hilo machozi yakamtoka, mengi, mbele ya zoni nzima, na hakuinua mkono kuyafuta kwa sababu mikono ilishika picha. Akamkabidhi Hajati ile picha.

"Peleka kwa mwenyewe," alisema. Kisha akamgeukia msimamizi. "Mimi, hesabu hapa."

Msimamizi alimgusa bega kwa kalamu, akataja namba, akaenda kuhesabu mstari wa pili. Aryemo alibaki amesimama nyuma ya mzee mwenye fimbo, amehesabiwa, na hakuthubutu kutazama ukutani alikokaa Awiti.